Binti Aliponiomba Ruhusa ya Kwenda Mambrui kwa Baiskeli

Jioni moja ya mwezi wa Mei, baada ya sala ya Isha, binti yangu mwenye umri wa miaka 15 aliniletea ombi nisilolitarajia. Alitaka ruhusa ya kwenda Mambrui kila mwisho wa juma kumtazama nyanya yake, mama yangu mzazi, ambaye magoti yamemzuia kutoka nje ya ua wake tangu mwezi wa Ramadhani. Ombi lenyewe lilikuwa jema na lingempendeza mzazi yeyote. Ugumu ulikuwa katika maneno mawili aliyoyatia mwishoni kwa sauti ya chini: "kwa baiskeli".

Mama mkwe alikuwa mkekani akichagua mchele. Akanyanyua uso, akauliza, "Mtoto wa kike? Barabara ya Lamu?" kisha akaurudia ungo wake. Baba watoto akanitazama mimi, nami nikautazama ukuta. Katika nyumba yetu, na nadhani katika nyumba nyingi za wasomaji wetu, swali ambalo kila mtu analikwepa huishia mikononi mwa mama. Nikamwambia binti anipe muda. Sikumwambia hapana, kwa kuwa nilijua kwamba hapana yangu ingekuwa ya woga mtupu. Barabara ile nimeipita kwa zaidi ya miaka 20, lakini aghalabu nikiwa ndani ya matatu, nimeinamia simu au nimesinzia. Sikuwa na haki ya kuihukumu.

Baiskeli yenyewe si ngeni kwangu. Nikiwa na umri wa miaka tisa nilikuwa nikimwibia kaka yangu ile yake nyeusi nzito, ambayo Wakenya huiita Black Mamba. Kiti kilinizidi kimo, kwa hiyo nilipenyeza mguu chini ya paipu na kuiendesha nikiwa nimepinda upande kama kaa, nikiuzunguka uwanja wa Mambrui mpaka nikitafutwa. Nilipofikia umri wa kuvaa buibui, baiskeli ile iliondoka nyumbani bila mjadala. Sikumbuki kuambiwa kwamba ni haramu. Niliambiwa kwamba watu wataona. Tangu hapo kwangu baiskeli ikawa chombo cha wanaume wanaobeba makuti, mkaa na madumu ya maji, nami nikakipisha njiani kama mtu anavyompisha mgeni.

Basi niliamua kuzipitia mwenyewe njia zinazotoka katika mji wetu wa Malindi, moja baada ya nyingine, kabla ya kumjibu mtoto. Shoga yangu mmoja, mwalimu ambaye kwa miaka mingi huenda kazini kwa baiskeli, akakubali kufuatana nami. Fundi anayefanya kazi chini ya mkungu karibu na soko akanitafutia baiskeli ya kike ya mtumba, yenye fremu iliyoshuka katikati ili mtu asilazimike kurusha mguu, na kikapu mbele. Ilikuwa pia na kifuniko cha mnyororo. Kifuniko hicho kilikuwa kikigongagonga, nikamwomba fundi akiondoe. Alinitazama, akalitazama buibui langu, akataka kusema neno, kisha akakiondoa.

Tulianza na njia ya pwani, kwa sababu ndiyo nyepesi kuliko zote. Huanzia upande wa Msikiti wa Jamia, penye makaburi ya mnara yanayotazama bahari, na lile kubwa linakadiriwa kuwa la karne ya 14 au ya 15. Mgeni akifika Malindi hukimbilia Nguzo ya Vasco da Gama kule Shela, akapiga picha, akaondoka akidhani kwamba mji ulianza siku Mreno alipotia nanga Aprili 1498. Mwendesha baiskeli huvipita vyote viwili kwa dakika chache, na kwa mwendo ule wa polepole hupata kuona kipi kilimtangulia mwenzake. Kutoka Shela barabara ya Casuarina huelekea kusini kwa utulivu chini ya mivinje, ikipita mahoteli na majumba ya kifahari, mpaka kwenye lango la Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968. Ni tambarare. Magari ni machache asubuhi, na tuktuk zilizopo haziendi mbio. Kitu cha kuchunga ni mchanga unaopeperushwa juu ya lami, maana gurudumu la mbele likiuparamia wakati wa kukata kona huteleza kana kwamba limepakwa sabuni.

Mimi sikuangushwa na mchanga. Mbele kidogo ya nguzo ya Mreno nilihisi kitu kinanivuta mguuni, baiskeli ikasita, nami nikajikuta nimesimama kwa mguu mmoja, pindo la buibui limemezwa na mnyororo hadi karibu na goti. Nilivuta. Likazidi kuingia. Vijana wawili waliokuwa wakiuza madafu wakapiga kelele kutoka ng'ambo, "Usivute, mama! Rudisha pedali nyuma!" Nikafanya hivyo taratibu, na kitambaa kikatoka kama kilivyoingia, ila kina alama nyeusi za grisi ambazo mpaka leo hazijakubali sabuni yoyote. Vijana wale hawakucheka mpaka nilipocheka mimi. Adabu hiyo niliishukuru.

Kesho yake nilirudi kwa fundi kuomba kifuniko changu. Alikuwa amekiweka. Akakaza skrubu zake ili kisigonge tena, kisha akachukua kipande cha wavu wa uvuvi, akakitanda pande mbili za gurudumu la nyuma, kutoka kwenye madigadi hadi karibu na ekseli, ili nguo isipenye kwenye spoki. Kazi yote haikumchukua nusu saa. Kuhusu mavazi, tulichokiona kinafaa ni suruali pana iliyofungwa kifundoni kwa utepe wa mpira, gauni la mikono mirefu linalofika chini ya magoti na lenye mipasuo pembeni, na mtandio mwepesi uliofungwa vizuri chini ya helmeti, bila pini utosini, kwa kuwa pini na helmeti havipatani mtu akianguka. Dera, pamoja na uzuri wake wote nyumbani, ni adui wa baiskeli. Wanaodhani kwamba mwanamke aliyejisitiri hawezi kuendesha baiskeli kwa kasi wangemtazama Masomah Ali Zada, mkimbizi wa Afghanistan aliyepata hifadhi Ufaransa, ambaye alishindana katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, katika timu ya wakimbizi, akiwa na hijabu chini ya helmeti. Mimi sikuwa na haja ya kasi. Nilitaka tu kufika na nguo yangu nzima.

Juma la pili tulielekea bara, upande wa Ganda. Njia hii nitaieleza kwa ufupi, si kwa sababu ni mbaya, bali kwa sababu tuliipenda na haikutupa kisa. Mji unaachwa mapema, minazi na mikorosho inaanza, watoto wanakusalimu kutoka uani, na ardhi inapandapanda kiasi cha kukukumbusha kwamba una mapafu. Baada ya mvua kingo zake huwa tope. Anayetaka kumfundisha mtoto kupanda mlima bila kumtisha ampeleke huko.

Juma la tatu ndilo lililonitikisa.

Gede iko takriban kilomita 16 kusini mwa Malindi kwa barabara kuu ya Mombasa. Tulitoka mara tu kulipopambazuka, tukapita uwanja wa ndege, na kwa muda mambo yalikuwa shwari. Lakini saa moja na nusu barabara iliamka. Matatu, mabasi, malori ya mawe na ya saruji, pikipiki zenye abiria watatu. Barabara hii ina njia moja kwenda na moja kurudi, na pembeni mahali pengi lami imekatika ghafla, ukingo wake umesimama kama kizingiti, chini yake changarawe. Mwendesha baiskeli huishi juu ya kizingiti hicho. Akiingia ndani ya lami anapigiwa honi, akitoka nje anaweza kuanguka.

Hatari niliyokuwa nikiitarajia ilikuwa ya nyuma. Iliyokuja ilitoka mbele. Gari moja la abiria lililokuwa likija kutoka Mombasa liliamua kulipita lori, likaingia upande wetu, na dereva akawasha taa zote kunionya, maana yake kwamba ameniona na hapunguzi mwendo. Nilichepuka. Gurudumu la mbele likashuka kwenye changarawe, nikaanguka kwa bega na kiganja. Upepo wa gari ulinipiga usoni. Nililala pale nikisoma nilichoweza kukisoma, na nilipofumbua macho nilimwona shoga yangu amesimama katikati ya barabara, mikono kiunoni, akililaani gari lililokwisha kutoweka kwa lugha ambayo sikujua kwamba mwalimu anaijua.

Sikuvunjika, alhamdulillahi. Kiganja kilichubuka na pedali moja ikapinda. Tuliikokota baiskeli hadi Gede bila kusema mengi, na kwa kuwa tulikuwa tumeshafika, na kwa kuwa magoti yangu yalikuwa yakitetemeka, tukaingia kwenye magofu kupumzika.

Nilikuwa sijafika pale tangu nikiwa mwanafunzi. Gede ilikuwa mji wa Waswahili wenye msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima, na nyumba za mawe ya matumbawe, na watu wake waliuhama kufikia karne ya 17. Magofu yake yalitangazwa kuwa urithi wa taifa mwaka 1927, na mwaka 2024 yakaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Lipo kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Lakini kilichonituliza siku hiyo hakikuwa tarehe. Wachimbaji walizipa baadhi ya nyumba majina ya vitu walivyoviokota ndani yake, na ipo nyumba moja ambayo jina lake ni Nyumba ya Mkasi. Nilikaa juu ya msingi wake, chini ya mibuyu na kima, nikifunga kiganja changu kwa ncha ya mtandio, nikimwaza mwanamke aliyeuacha mkasi wake akaondoka. Shoga yangu akanikatiza. "Bi, tusirudi kwa magurudumu yetu," akasema. Tukakodi tuktuk ya mizigo, tukapakia baiskeli zote mbili, tukarudi mjini tukiwa tumekaa kati yake kama magunia.

Hukumu yangu juu ya njia hii ni ya wazi, na sitaipamba. Malindi hadi Gede kwa barabara kuu si njia ya mtoto, wala si njia ya mama wa watoto, mpaka siku watakapotujengea kijia cha pembeni. Anayetaka uzuri wa upande huo na apakie baiskeli yake hadi makutano ya Gede, kisha aendeshe kutoka hapo kwenda Watamu. Kipande hicho ni kifupi, kina vijiji njia nzima, magari yake yamezoea watu wa baiskeli, na mwisho wake ni bahari. Tumeshakirudia mara mbili. Mara ya pili tulichukua watoto wanne na chakula.

Nyumbani sikuweza kukificha kiganja. Nilijiandaa kusikia kutoka kwa mama mkwe yale ambayo nilidhani ameyahifadhi tangu jioni ile: kwamba baiskeli si ya mwanamke. Alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi, akakifunga, ndipo akanisimulia jambo ambalo katika miaka 17 ya ndoa yangu sikuwahi kulisikia. Alikuwa na kaka aliyekuwa akirudi shambani usiku kwa baiskeli, nazi mbili tatu nyuma, hana taa. Aligongwa na gari ambalo halikusimama. Alipatikana alfajiri na watu waliokuwa wakienda msikitini. "Mimi nilisema barabara," akaniambia. "Wewe ukasikia mtoto wa kike."

Nilinyamaza. Maneno yote mawili aliyasema, nami nilichagua lile nililolizoea.

Ilibaki njia ya Mambrui yenyewe, ambayo kwa kweli ndiyo iliyokuwa ya haja. Niliichelewesha majuma mawili, mpaka pedali ikanyooshwa na moyo ukatulia. Kutoka mjini barabara ya Lamu huelekea kaskazini, ikaacha maduka na mahoteli, ikashuka hadi daraja la Mto Sabaki, kisha ikaendelea hadi panapochepuka njia ya Mambrui mkono wa kulia kuelekea baharini. Ni zaidi kidogo ya kilomita 10, na daraja liko karibu na nusu ya safari. Ni barabara kuu vilevile, nalo nililiweka akilini, ila magari yake ni machache kuliko ya upande wa Mombasa. Mengi ni malori ya chumvi kutoka Gongoni na mabasi ya Lamu, na mabasi hayo, kwa kuwa hutoka Mombasa asubuhi, hupita kwetu jua limeshapanda. Anayetoka alfajiri huipata barabara karibu tupu.

Tulitoka alfajiri. Ilikuwa ni mwanzo wa Julai, kusi imekolea, na upepo ulikuwa mgongoni kwetu. Sijui nieleze vipi raha ile. Pedali zilikuwa zikijizungusha, mtandio unanitangulia, na masikioni kimya, kwa kuwa anayekwenda sawa na upepo hausikii. Darajani tulishuka na kuzikokota baiskeli, kwa sababu pale mtu hana pa kuchepukia. Chini yetu Sabaki ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, umebeba udongo wa mashamba ya bara kama unavyobeba siku zote hadi kuichafua ghuba ya Malindi. Viboko wapo huko chini upande wa mlangoni, nao hutoka usiku kula majani, sababu nyingine ya kutopita hapo gizani. Tulifika Mambrui baada ya dakika hamsini, na nilikuwa sijachoka.

Mambrui ni mji mdogo wenye kumbukumbu ndefu. Lipo pale kaburi la mnara lililopambwa kwa vyombo vya kauri vya Kichina, na mwaka 2010 wachimbaji wa Kenya na China waliokota sarafu ya enzi ya Yongle, mfalme aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 15, zama zile zile ambazo kumbukumbu za Kichina zinasema kwamba watu wa Malindi walimpelekea twiga. Tukiwa watoto tulicheza juu ya mchanga ule bila kujua tunakanyaga nini.

Mama alikuwa barazani. Alisikia kengele kabla ya kuniona. "Shikamoo, Mama." "Marahaba. Nani amekuleta?" Nikamwonyesha. Aliitazama baiskeli kwa muda, akanyoosha mkono, akaipiga kengele mara moja, akaurudisha mkono mapajani. Kisha akasema, bila kunitazama, "Ile ya kaka yako niliiuza mimi. Baba yako hakuwa na habari. Nilinunulia cherehani."

Cherehani ile naijua. Ndiyo iliyotusomesha sote. Miaka yote nilidhani kwamba baiskeli iliondolewa kwa ajili yangu, na kumbe ilikuwa hesabu ya karo. Sijui kama nilifarijika au nilivunjika moyo. Pengine nilikuwa nimejipa umuhimu nisiokuwa nao.

Mjomba wangu, mvuvi mstaafu, alikuja kutusalimia, akatuona tunajiandaa kurudi kabla ya adhuhuri, akacheka. Akaniuliza kama nimesahau mimi ni mtoto wa nani. Kusi huvuma kutoka kusini, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi. Kaskazi huja Disemba hadi Machi, na wazee wetu waliyapanga maisha yao yote kwa pepo hizo mbili, majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yakija na moja na kurejea na nyingine. "Nawe unataka kurudi Malindi saa tano mchana, usoni una kusi," akasema. "Mvuvi hutoka na taabu akarudi na raha. Wewe umefanya kinyume." Nilimwambia ni kilomita kumi tu. Akasema, "Haya."

Tulirudi kwa saa moja na dakika arubaini. Upepo ule ulikuwa kama mtu aliyeweka kiganja kifuani mwangu na kusukuma bila kupumzika. Jua liliwaka, maji yakatuishia kabla ya darajani, na jambo la kutisha ni kwamba kwa uchovu nilianza kuyumba, nikiingia na kutoka katika lami bila kukusudia, huku malori ya chumvi yakinipita. Hapo ndipo nilipoielewa barabara. Asubuhi ilikuwa salama, na saa tano mchana barabara ile ile, watu wale wale, baiskeli zile zile, haikuwa salama hata kidogo. Ningekuwa nimemkataza binti au nimemruhusu kwa jumla, ningekosea kwa vyovyote.

Tulikaa kikao cha nyumbani, mama mkwe akiwa mwenyekiti bila kuchaguliwa. Tulichoafikiana ni hiki. Wakati wa kusi binti atakwenda Jumamosi baada ya sala ya Alfajiri, kukiwa na mwanga wa kutosha kuona shimo, na atalala kwa nyanya yake. Hatarudi siku ile ile. Jumapili ataondoka Mambrui saa hiyo hiyo ya alfajiri, kabla upepo na jua havijaamka, na kwa kuwa amelala usingizi wa kutosha, ule upepo mdogo wa alfajiri hautamshinda. Wakati wa kaskazi mambo yatageuka, kwenda kutakuwa na kazi na kurudi kutakuwa rahisi, kwa hiyo tutaangalia upya. Mvua za masika zikinyesha, matatu. Hatakwenda peke yake. Ataandamana na binamu yake wa kiume, mtoto wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka 19, ambaye naye ana haki ya kumtazama nyanya yake na hakuwa akifanya hivyo. Darajani watashuka. Akifika atapiga simu, na mimi sitapiga simu kabla yake, sharti ambalo binti alililazimisha na ambalo naona ndilo gumu kuliko yote.

Kuhusu chombo chenyewe, fundi alitupa maelekezo ambayo yatawafaa wengine. Hewa ya bahari hula chuma, basi baiskeli ioshwe kwa maji baridi kila baada ya safari ya pwani na ipanguswe, isiachwe ikauke na chumvi yake. Mnyororo utiwe mafuta kidogo kisha ufutwe, ubaki mkavu kwa nje. Usitumie mafuta ya nazi, ambayo watu wengi huku hutumia kwa kuwa yako karibu, maana hukamata mchanga na mchanga husaga meno ya gia. Mafuta ya cherehani yanafaa. Tairi zijazwe kiasi kwamba kidole gumba kikibonyeza kwa nguvu hakizamishi sana. Ndani ya kikapu pawe na pampu, tyubu ya akiba, kipande cha raba, solushoni na msasa, na mwenye baiskeli awe anajua kuziba pancha mwenyewe. Binti yangu alijifunza kwa alasiri moja. Mimi nilichukua tatu.

Mama mkwe alinunua kwa pesa zake taa mbili, nyeupe ya mbele na nyekundu ya nyuma. Nilimkumbusha kwamba mtoto haendeshi usiku. Akasema anajua. Akashona na utepe wa kumeremeta mgongoni mwa mkoba wa mtoto, mistari miwili, kwa mkono, mshono wa karibu karibu.

Jumamosi ya kwanza nilisimama mlangoni mpaka taa nyekundu ikapotea kwenye kona, kisha nikaenda jikoni nikawasha jiko, nikalizima, nikawasha tena. Simu ililia saa moja na dakika tano. Nyuma ya sauti ya binti nilisikia kengele ya baiskeli ikipigwa mfululizo, na sauti ya mama yangu ikiuliza kama watoto wanataka mahamri sasa au baadaye.

Aliporudi kesho yake alikuwa na kichupa kidogo kikapuni, kimefungwa kwa kipande cha kanga. Mafuta ya cherehani. Nyanya yake amemwambia kwamba yeye hashoni tena.